Sura ya Saba: Mafunjo, Mikoko ya Ziwani

Mkoko hauoti Busia. Miti hiyo ni ya ufuo wa bahari, penye maji ya chumvi yanayojaa na kupwa, na Ziwa Victoria ni maji matamu yaliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mwanafunzi wa Matayos aliyesoma habari za mikoko darasani, akatamani kupanda mtumbwi aione ya Mida, ya Gazi au ya Lamu, ana safari ya kuvuka nchi nzima kabla ya kufika. Lakini kama hamu yake ni kuingia msituni kwa chombo, maji yakiwa chini yake na ndege juu ya kichwa, basi si lazima aende mbali. Na ateremke hadi mlango wa Mto Sio. Pale atakuta msitu usio na mti hata mmoja.

Msitu huo ni mafunjo. Ni mmea wa jamii ya ndago, wenye shina la pembe tatu linalorefuka mita nne au tano, na juu yake kishungi cha nyuzi za kijani. Sura hii ina dai moja tu: kazi ambayo mikoko huifanya Pwani, mafunjo huifanya kwetu ziwani, tena huifanya mahali ambapo wengi wetu tumezoea kupaita ardhi tupu. Dai hilo halithibitiki vizuri ukiwa barabarani. Huthibitika ukiwa ndani ya mtumbwi.

Mito miwili, Naili moja

Ukitaja Busia na Malaba, msikilizaji huwaza foleni ya malori, mawakala wa forodha na wabadilishaji fedha wenye mabunda ya shilingi za nchi mbili. Maji ya eneo hili hayana sifa hiyo, ingawa nayo huvuka mpaka kila siku bila kuulizwa kitambulisho. Mto Malaba hutoka kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ukapita mjini Malaba na kuingia Uganda, ukielekea Ziwa Kyoga. Mto Sio huanzia upande wa Bungoma, ukashuka Nambale na Matayos, kisha ukaelekea Samia, na sehemu yake ya chini ndiyo mpaka wenyewe wa Kenya na Uganda. Maji ya Sio huingia Ziwa Victoria, yakatokea Jinja pamoja na Naili, yakafika Kyoga, na huko yakakutana tena na yale ya Malaba. Mvua iliyonyesha kwa majirani wawili wa Busia huweza kutengana njiani na kuonana tena katikati ya Uganda.

Hadi mwaka 1902 ukanda huu wote ulihesabiwa kuwa Uganda. Ndiyo maana ghuba ambayo Sio humwagikia iliandikwa katika ramani za Waingereza kwa jina la Berkeley, aliyekuwa Kamishna wa Uganda. Upimaji wa kwanza wa njia ya reli, uliofanywa mwaka 1892 chini ya Kapteni James Macdonald, ulilenga Port Victoria, hapo hapo kando ya ghuba hiyo. Baadaye ilipatikana njia fupi zaidi, na mwaka 1901 reli ikafika Kisumu. Bandari kubwa, maghala na meli vikaenda Kisumu. Ufuo wa Samia na Bunyala ukabaki kwa wavuvi, wakulima na mafunjo.

Kutoka Matayos msafiri hupanda matatu hadi Bumala, akakata kuelekea Funyula, kisha akateremka Sio Port huku vilima vya Samia vikimsindikiza. Ufuoni atakuta mitumbwi ya mbao, omena zilizoanikwa juani, na watu wanaoujua mlango wa mto kuliko ramani yoyote. Chombo cha kukodi ni kile kile cha kuvulia samaki. Mvuvi huwasha injini kuvuka maji ya wazi, na akikaribia ukuta wa kijani huizima na kushika pondo. Kuanzia hapo safari ni ya mwendo wa pole, katika vichochoro ambavyo vingine vimefunguliwa na viboko wakitoka majini usiku kwenda kulisha.

Mmea unaopumulia matopeni

Kabla ya kutafuta wanyama, inafaa kuutazama mmea wenyewe, maana ndio nyumba yao. Tope la kinamasi halina hewa. Mzizi wa kawaida ukizikwa humo hufa. Mikoko ina ufumbuzi wake: mchu na mlilana huchomoza vijiti kutoka matopeni ili mizizi ivute hewa maji yakipwa, na mkoko wenyewe husimama juu ya miguu iliyopinda. Mafunjo yametatua tatizo lile lile kwa njia nyingine. Shina lake limejaa vijitundu vya hewa, na hewa hiyo hushuka hadi kwenye vigogo vya mizizi vilivyolala chini. Ukilikata shina na kulibonyeza kwa vidole, utauona mfumo huo kwa macho yako: ni jepesi na limejaa utando mweupe.

Kwa kuwa mashina yana hewa ndani, mafunjo huelea. Mizizi yake husukana ikafanya jamvi nene juu ya maji, na jamvi hilo huweza kumbeba mtu mzima, ingawa hutikisika kama godoro. Ndiyo maana ufuo wa mafunjo haukai mahali pamoja. Ziwa likipanda, jamvi hupanda nalo. Upepo mkali ukivuma, kipande humeguka na kuwa kisiwa kinachosafiri, na mvuvi aliyelala akiwa na njia huamka akakuta imezibwa.

Chini ya jamvi hilo maji hupita polepole. Udongo ulioletwa na mto kutoka mashambani hutua. Mbolea iliyosombwa na mvua hunywewa na mizizi kabla haijafika ziwani kulisha gugu maji na mwani. Huko Kampala kazi hii inajulikana vizuri: kinamasi cha Nakivubo hupokea majitaka ya mji na kuyachuja kabla hayajaingia kwenye ghuba ile ile ambayo mji huchota maji yake ya kunywa huko Ggaba. Mto Sio nao hushuka ukiwa umebeba udongo wa mashamba ya miwa, mahindi na mihogo. Mwenye kuketi ndani ya mtumbwi huona tofauti bila kupima chochote: maji ya mtoni ni ya rangi ya chai ya maziwa, na yanayotoka upande wa pili wa mafunjo huwa yameanza kutakata.

Wanaosikika kabla ya kuonekana

Msitu huu husikika kwanza. Alfajiri, kabla jua halijapanda, ndege wawili huitana ndani ya mafunjo kwa sauti zilizofungamana hata ukadhani ni mmoja. Huyo ni tiva wa mafunjo, ambaye wanasayansi humwita Laniarius mufumbiri. Mgongo wake ni mweusi, kifua ni chekundu cha kuiva, na utosi wake una rangi ya manjano iliyofifia. Utosi huo ndio wa kuangaliwa, kwa sababu ana ndugu anayefanana naye mwenye kichwa cheusi kitupu, ambaye utamwona hata kwenye vichaka vya kandokando ya barabara ya Busia. Ndugu huyo huishi popote penye vichaka. Tiva wa mafunjo haishi pengine ila kwenye mafunjo. Yakifyekwa, hahamii mahindini, hutoweka.

Hayuko peke yake katika hilo. Kuna chiriku wa mafunjo mwenye mdomo mnene wa kutafuna mbegu, na kuna ndege wadogo wa kahawia na wa manjano wanaopita chini ya mashina, ambao hata wataalamu huwatambua kwa sauti kuliko kwa sura. Ni kwa ajili yao kinamasi cha Sio Port kiliingizwa kwenye orodha ya maeneo muhimu ya ndege nchini Kenya, orodha iliyochapishwa mwaka 1999. Kaunti ya Busia ina eneo lingine katika orodha hiyo hiyo: nyasi za Busia, upande wa Mungatsi, ambako mbayuwayu wa rangi ya buluu huja kukaa baada ya kuzaa kusini mwa Afrika. Watu hupita hapo kila siku wakienda sokoni, na wageni hutoka ng'ambo wakiwa na darubini kuja kumtafuta ndege huyo.

Wengine hawana haja ya kujificha. Sile-maua, mwenye vidole virefu mno, hutembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama. Mdiria mweusi na mweupe huning'inia hewani akipiga mbawa mahali pamoja, kisha hujitupa majini. Mnandi hukausha mabawa juu ya nguzo za nyavu. Yangeyange husimama kwa safu, kila mmoja akichunga shimo lake. Furukombe hukaa juu ya mti mmoja uliobaki ufuoni, na akilia, kila mtu chomboni hunyamaza. Kenge huota jua kwenye mashina yaliyolala, na fisi maji, ambaye wavuvi hawampendi kwa sababu ya nyavu zao, huinua kichwa mara moja na kupotea.

Mnyama mwenye sifa kuu ni nzohe, swala wa vinamasi. Kwato zake ni ndefu na hupanuka, hivyo hukanyaga jamvi la mafunjo bila kutumbukia. Akiona hatari huingia majini hadi zikabaki pua tu. Kwa msafiri wa Busia, mahali pa kumtumainia zaidi ni Ziwa Kanyaboli, upande wa Siaya wa kinamasi cha Yala, palipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2010. Asiyependa chombo anaweza kwenda Saiwa, karibu na Kitale, hifadhi ndogo kuliko zote za taifa nchini Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1974 hasa kwa ajili ya mnyama huyu, ambako hutazamwa kutoka minarani.

Kwa anayetaka kuona biashara ya mtumbwi na mafunjo ilivyokomaa, mfano uko Mabamba, upande wa Entebbe. Kinachofuatwa huko ni korongo nyangumi, ndege mrefu kama mtoto wa shule, mwenye domo pana la kubanulia kamongo. Zamani wavuvi wa Mabamba walimwona kuwa ndege wa mkosi; aliyekutana naye aliamini kwamba hatapata samaki siku hiyo, na wengine walimuua. Leo wavuvi wale wale huwabeba wageni wanaokuja kumtazama, na kumwona ndiyo riziki ya siku. Huku kwetu, wanakijiji wa Dunga karibu na Kisumu wamekuwa wakiwatembeza watu kwenye mafunjo yao kwa muda mrefu. Sio Port ina mto, ndege, wavuvi na mpaka wa nchi mbili ndani ya ghuba moja. Kinachokosekana ni wageni tu.

Ngome ya samaki wadogo

Kilicho chini ya mtumbwi kina thamani kuliko kilicho juu yake. Sangara, ambaye wavuvi wa hapa humwita mbuta, aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewala samaki wa asili kiasi kwamba mamia ya aina ya fulu, samaki wadogo wasiopatikana kwingine duniani, hawakuonekana tena nyavuni. Lakini mbuta ana udhaifu mmoja: anahitaji maji yenye hewa nyingi. Ndani ya mafunjo hewa ya majini ni haba, naye hawezi kukaa humo.

Wadogo wanaweza. Mtafiti Lauren Chapman na wenzake, waliofanya kazi miaka mingi katika Ziwa Nabugabo nchini Uganda, walionyesha kwamba kingo za vinamasi zilikuwa kimbilio la samaki wa asili baada ya mbuta kuingia. Kambare hustahimili humo kwa sababu huweza kuvuta hewa ya juu. Kamongo ana mapafu kabisa. Dume lake hukaa kwenye kiota chini ya mafunjo akilinda makinda. Na Ziwa Kanyaboli, lililotengwa na ziwa kubwa kwa kinamasi cha Yala, limemhifadhi ngege wa asili, yule aliyekuwa kitoweo cha kila nyumba kabla ya samaki wa kigeni kuingizwa. Pwani wanasema kamba na samaki wengi hukulia mikokoni kabla ya kwenda baharini. Hapa ni vivyo hivyo: anayefyeka mafunjo anabomoa kitalu cha samaki, na hasara itamfikia hata mchuuzi wa Matayos ambaye hajawahi kuliona ziwa.

Ardhi isiyo tupu

Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Tangazo hilo halikuizuia kukatwa. Boriti za Lamu ziliendelea kupelekwa Uarabuni hadi serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982, na hata sasa wakataji wa siri wapo. Lakini angalau kila afisa anajua kwamba mkoko ni msitu. Gazi ilipiga hatua zaidi: tangu mwaka 2013, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanakijiji wanalipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti yao, na fedha hizo zimeingia shuleni na kwenye maji ya bomba. Wanakijiji wa Vanga wakafuata.

Mafunjo hayakupata bahati hiyo. Kinamasi cha Yala, chenye takriban hekta 17,500, ndicho kikubwa kuliko vyote vya maji matamu nchini Kenya, nacho kimegawanyika kati ya Siaya na Busia. Katika miaka ya 1960 hekta 2,300 zilikaushwa zilimwe. Mwaka 2003 kampuni ya Kimarekani ya Dominion ikapewa eneo kwa kilimo cha mpunga, na mabishano kati yake na wakazi kuhusu malisho, njia na mafuriko yakadumu kwa miaka hadi ilipoondoka. Katika hesabu zote hizo, upande wa faida uliandikwa magunia ya mpunga. Maji safi, mikeka, samaki na ndege havikuandikwa popote.

Mkulima mdogo anayelima ukingoni ana sababu zake, na ni za haki. Shamba la urithi limegawanywa hadi limekuwa ua, na mwezi Januari udongo wa kinamasi peke yake ndio wenye unyevu wa sukuma wiki na nduma. Wala mafunjo hayakatazi kuvunwa. Wanawake wa Samia na Bunyala huyakata wakasuka majamvi na vikapu, na yakikatwa kwa zamu huota tena baada ya miezi michache. Kinachoyamaliza ni moto wa kiangazi, mfereji wa kukausha, na shamba linalosogea hatua moja kila msimu hadi kwenye maji.

Gharama ya kusahau hilo ilionekana mwaka 2020. Mwezi wa Mei ziwa lilipanda hadi kipimo kilichopita hata kile cha 1964, na Mto Nzoia ukafurika Bunyala. Nyumba zilizojengwa mahali ambapo zamani maji yalikuwa na nafasi ya kutawanyika ziliingiliwa. Kinamasi hakiwezi kuzuia mafuriko makubwa kama hayo peke yake, lakini huyapokea maji yakiwa na kasi na kuyaachia yakiwa yamechoka. Tuta la udongo haliwezi kazi hiyo.

Ukitaka kwenda

Nenda alfajiri. Asubuhi ziwa huwa limetulia na ndege wanaimba. Alasiri upepo huvuma kuelekea nchi kavu, na mawimbi hayamwonei huruma mgeni. Ulizia kikundi cha usimamizi wa ufuo, maarufu kama BMU, na mkubaliane bei kabla ya kupanda. Usikubali chombo kisicho na jaketi za kujiokoa. Beba kitambulisho, kwa sababu mpaka uko majini, hauna alama, na doria za nchi zote mbili zipo.

Msipite kati ya kiboko na maji ya kina. Hilo ndilo kosa linaloua. Usioge wala kutembea majini, kwa maana kichocho kipo. Usicheze sauti za ndege kwenye simu ili watoke, hasa wakati wa kutaga. Ndege huacha kiota akidhani amevamiwa. Na ukimaliza, nunua jamvi la mafunjo ufuoni. Ni njia rahisi ya kumfanya anayeishi karibu na kinamasi aone faida ya kukiacha kisimame.

Kenya imeandikisha maeneo sita katika Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971 unaolinda ardhi oevu: Nakuru, Naivasha, Bogoria, Baringo, Elmenteita na Delta ya Mto Tana. Hakuna hata moja lililo kwenye Ziwa Victoria. Uganda, inayochangia nasi maji ya Sio, imeandikisha 12, na kadhaa yako ufuoni mwa ziwa hilo hilo. Pengo hilo halitazibwa na watafiti wa kigeni. Litazibwa na serikali ya kitaifa, ikisukumwa na Bunge la Kaunti ya Busia na wapiga kura ambao wameingia mafunjoni wakajua kilichomo. Kwa hiyo, mwalimu wa Matayos anayepanga safari ya wanafunzi mwakani, kabla hujakodi basi la Mombasa, wapeleke kwanza Sio Port.